Greda ya Baba Nelvine

Jirani zangu wa hapa Ndanai, na ninyi wa vijiji vingine ambao barabara zenu ni mbovu kama yetu, nawaomba mnisikilize. Mimi ni Tecla, mkulima wa majani chai na mama wa kanisa. Haya sikuyasikia kwa watu. Nilikuwapo, na sehemu yangu katika makosa nitaitaja.

Asubuhi ile ya mwezi wa pili kulikuwa kumetulia. Mimi na jirani yangu Cheptoo, ambaye wote tunamwita Mama Nelvine, tulikuwa tunachuma chai kila mmoja upande wake wa ua, tukizungumza bila kuonana. Cheptoo alikuwa na mikono myepesi. Nikifika katikati ya mstari, yeye ameshageuka anarudi. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, na mimi nikimfuata kwa sauti ya chini, mara tukasikia vyuma vikigongwa nyumbani kwake, kelele mpaka ng'ombe wakashtuka.

"Ni Baba Nelvine na fundi," akaniambia. "Wanatengeneza greda."

"Greda? Greda gani?"

"Ya kufunga nyuma ya ile trekta yetu. Anasema mwaka huu hatamwaga maziwa tena."

Nilimwelewa. Mwaka uliopita, mvua ya masika ilikata barabara yetu kabisa. Gari la maziwa halikufika karibu wiki mbili, na tulimwaga maziwa mtaroni huku watoto wakitazama. Greda kubwa ya serikali, ile mashine ya kusawazisha barabara, tuliingoja mpaka tukaacha kuitaja. Kwa hiyo Kipngeno, mume wa Cheptoo, alipoamua kujitengenezea yake, hakuna aliyemwona mjinga. Alitafuta vyuma viwili virefu vya chasisi ya lori kuukuu kule Kaplong, akamwita Osoro, fundi wa kuchomelea anayetoka upande wa Kisii na ambaye amekaa sokoni kwetu miaka mingi. Osoro aliviunganisha vyuma hivyo, akavitia makali upande wa chini, akavifunga kwenye mikono ya nyuma ya trekta, ile inayoinua na kushusha jembe.

Kazi ilipokwisha, Osoro alizunguka greda ile mara mbili, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, hii kitu ni nyepesi. Itateleza tu juu ya udongo. Nipe wiki moja nitafute chuma, nitengeneze sanduku hapa juu tujaze mawe."

"Wiki moja mvua itakuwa imefika," Kipngeno akamjibu.

"Basi ifike. Lakini nikisikia umeweka mtu hapa juu, sitafurahi. Jiwe likianguka tunaokota. Mtu je?"

Kipngeno akacheka, akamshukuru, akawasha trekta.

Ilikuwa Jumatatu. Kijiji kizima tulitoka kutazama. Greda ikashushwa, trekta ikavuta, na kile chuma kikaruka-ruka juu ya barabara kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kilikwangua nyasi tu. Watu wakaanza kucheka, na nikaona shingo ya Kipngeno ikiingia mabegani. Akasimama, akatafuta uso wa mtu katika lile kundi, akaniona mimi.

"Mama Tecla, wewe uko na mwili. Hebu panda kidogo."

Nikapanda. Sitawadanganya, nilijisikia mtu wa maana. Chuma kikauma udongo papo hapo, mchanga ukajikunja pembeni, na nyuma yetu ikabaki barabara laini kama meza. Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa siku tatu tulipanda kwa zamu, wanaume na wanawake, hata mzee mmoja wa kanisa akiwa na koti lake la Jumapili. Hakuna aliyekwaruzwa. Osoro alikuja jioni ya pili kukumbusha habari ya sanduku, na baadhi yetu tukanong'ona kwamba anatafuta kazi tu.

Hivyo ndivyo tulivyozoea. Jambo la hatari likipita mara kumi bila kuumiza mtu, tunaacha kuliita hatari.

Alhamisi mchana kilibaki kipande kimoja cha chini, ule mteremko unaoelekea mtoni, wenye mawe yaliyozama ardhini. Usiku mvua ilikuwa imenyunyiza kidogo na udongo ulikuwa unateleza. Waliokuwapo walipoutazama mteremko ule, kila mmoja akakumbuka ana kazi nyumbani, ingawa hakuna aliyeondoka. Wakati huo Cheptoo alifika na chupa ya chai na viazi vya mume wake.

"Mama Nelvine, panda tumalize hapa," Kipngeno akamwambia.

"Hapa ni mteremko, Baba Nelvine. Na kuna mawe. Mimi naogopa."

"Wake za watu wamepanda siku tatu. Ni wewe sasa unaniaibisha mbele ya watu?"

Cheptoo akanigeukia. Alitaka nimsaidie kukataa, nililiona hilo machoni mwake. Nami nikasema hivi, na maneno haya ningelipa chochote niyarudishe: "Panda tu, mama. Mimi si nilipanda, na niko hapa?"

Akaweka chai chini, akakaza leso kiunoni, akapanda.

Trekta haikufika hatua ishirini. Greda iligonga jiwe lililofichika, ikaruka juu, na Cheptoo akarushwa mbele, katikati ya gurudumu na chuma. Kisha chuma kikashuka.

Tulipiga mayowe. Kipngeno akageuka nusu, akaona tumeinua mikono, akadhani tunamshangilia kama siku zile nyingine. Injini ilikuwa inanguruma, hakusikia. Akatupungia mkono na kuongeza mwendo.

Nilikimbia kupitia shamba la chai mpaka nikatokea mbele yake. Aliposimama na kutazama nyuma, aliruka chini akaisahau ile fimbo ya kuinua greda. Tuliiinua kwa mabega.

Gari la maziwa ndilo lililompeleka hospitalini Kaplong, Kipngeno akiwa amemshika kichwa mapajani njia nzima. Madaktari walifanya walivyoweza. Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti.

Cheptoo alirudi nyumbani baada ya wiki saba. Osoro alimletea magongo aliyoyatengeneza mwenyewe kwa mabomba mepesi. Hakusema "niliwaambia". Aliyapima, akayapunguza kidogo, akaenda zake. Tangu hapo Cheptoo hukaa mlangoni akichambua maharagwe. Chai yake ilikomaa ikawa ngumu, kwa sababu Kipngeno peke yake haiwezi, na siku nyingine haendi kabisa. Ndani ya nyumba ile wanazungumza habari za ng'ombe na za ada ya shule ya Nelvine. Wimbo sijausikia tena ng'ambo ya ua.

Masika yakakolea. Ule mteremko ambao haukumalizwa ukaanza kuharibika, na magari yakaanza kukwama. Watu wakakutana, wakaniteua mimi nikamuulize Kipngeno, kwa upole, kama anaweza kumalizia. Niliona aibu, lakini nilikwenda.

Niliwakuta wawili mlangoni. Nilizunguka na maneno, nikauliza mvua, nikauliza ng'ombe, mwishowe nikasema nilichotumwa. Kipngeno akainamisha kichwa. Cheptoo ndiye aliyejibu, bila kuacha kuchambua maharagwe.

"Sawa, Mama Tecla. Na safari hii mnataka nani akae juu?"

Kipngeno akainuka akaenda nyuma ya zizi. Mimi nikamwomba Cheptoo msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, na hakunifukuza.

FUNZO

Kutengeneza barabara yetu wenyewe halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukataa kungoja wiki moja, na kutumia mwili wa mtu mahali pa mawe. Fundi akikwambia ngoja, ngoja, hata kama watu wanakucheka. Mwanamume, mke wako akisema anaogopa, anakupa habari, hakuaibishi. Na sisi tunaosimama kando ya barabara tukipiga makofi tusijihesabu watazamaji. Kipngeno ndiye aliyeshika usukani, lakini aliyemwambia Cheptoo "panda tu" ni mimi.