Taa ya Usukani

Kila alipotoka shule, Chiriku alibadili sare, akala chapuchapu, kisha akakimbilia gereji ya baba yake nyuma ya nyumba. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hizi hata yeye alikuwa mnyonge. Gereji ilikuwa imepoa. Wateja walikuwa wamehamia kwenye karakana mpya yenye mashine ya kupimia magurudumu, na baba alishinda amekaa juu ya tairi, kimya.

Siku moja jirani yao, Mama Pacha, alileta gari alilonunua karibuni. Lilikuwa linavuta kushoto.

"Usukani wake ni wa umeme, fundi. Utaliweza kweli?"

"Shemeji, gurudumu ni gurudumu tu," baba alijibu, uso ukichangamka.

Akafunga nyuzi mbili, moja kila upande wa gari, akazivuta zikanyooka. Akalala chini na rula, akapima kutoka uzi hadi ringi, akikaza nati hapa na kulegeza pale. Kazi ya Chiriku ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dereva na kuushika usukani usicheze.

"Haya, washa injini," baba alisema akikunja nyuzi zake. "Kuna taa yoyote imewaka?"

Ilikuwepo. Alama ya njano ya usukani ilikuwa inawaka mbele ya macho yake. Chiriku alimtazama baba, akaona anatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Akimwambia ukweli, mteja huyu naye ataondoka.

"Hakuna, baba."

Baba akamwambia Mama Pacha kwamba gari liko sawa. Mama Pacha akashukuru, akawapakia watoto wake wawili, akaondoka.

Jioni mvua ilinyesha. Chiriku aliisikiliza akiwa mezani, akimfikiria Mama Pacha barabarani. Hatimaye akashindwa kuvumilia.

"Baba, nilikudanganya. Taa iliwaka."

Baba aliacha kula, akachukua simu. Mama Pacha alipokea akilia. Usukani ulikuwa umevuta ghafla kwenye utelezi, na gari likaingia mtaroni. Watoto walikuwa salama, lakini yeye alivunjika mkono.

Kesho yake gari lilivutwa hadi gereji, na baba akamwita fundi wa umeme wa magari. Fundi huyo alichomeka kifaa chini ya dashibodi, akasoma, akatikisa kichwa.

"Nyuzi zako hazikukosea, kaka. Magurudumu yamenyooka. Ila kompyuta ya usukani imebaki na kipimo cha zamani, ndiyo maana inaupinda ikidhani inaunyoosha. Lazima ifundishwe upya."

Alipomaliza, taa ikazimika.

Mama Pacha alisimama kando, mkono umefungwa plasta. "Taa niliiona," alisema polepole. "Nikajiambia, ingekuwa mbaya fundi angeniambia."

Chiriku alitamani ardhi immeze. Akapiga magoti, akaomba radhi huku machozi yakimtoka.

"Niliogopa baba ataaibika," alisema.

Baba alimwinua. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kutojua usukani wa umeme si aibu, mwanangu. Ningejifunza, au ningelipeleka gari kwa anayejua. Lakini mimi nikiwa huku nje, macho yangu ni wewe. Ulichoniambia ndicho nilichomwambia mteja. Uongo wako ulitoka kinywani mwangu, naye akauamini, akapakia watoto."

Chiriku alijifuta machozi.

"Sasa ingia garini," baba alisema, "washa injini, uniambie unachokiona."