Homa ya Wazimu na Ndugu Zake

Kila asubuhi Zenaida Ipuana na binti yake mdogo, Marelvis, walikwenda bwawani na punda wao Panela kuteka maji. Bila Panela, nyumba ingekaa na kiu.

Mwaka huo mvua ilizidi, na mbu wakawa kero. Punda wa jirani wakaanza kuzunguka ovyo, wakagonga ua wa miiba, wakaanguka, wakafa.

"Homa ya wazimu hiyo!" watu wakasema.

Arnulfo, mchanjaji wa mifugo, akaja na sindano.

"Niondokee," Zenaida akasema. "Homa hiyo naijua. Mume wangu aliipata kwenye vinamasi vya kusini, daktari mwenyewe alisema. Farasi wa kule hawakufa. Naye alipona, huyo hapo anakoroma!"

"Ni homa hiyo hiyo, shangazi, ila si ile."

"Ni ile au si ile? Amua!"

Arnulfo akacheka. "Una dada wangapi?"

"Wawili. Rosaura mpole. Carmela... mh, Carmela ni moto."

"Na tumbo ni moja. Virusi hivi navyo vina ndugu. Aina ya vinamasini huwapa watu homa, lakini punda na farasi haiwaui. Hii ya sasa ndiyo Carmela. Inaua punda, na mbu wanaomuuma punda mgonjwa wanaileta kwa watu. Watoto wengine hupata degedege, hata kufa."

Zenaida akamtazama Marelvis, aliyelala kwenye machela, kitanda cha kamba kinachoning'inia, karibu kabisa na Panela.

"Na ndani ya sindano mna nini?"

"Virusi hivyo hivyo."

"Wee!"

"Vimedhoofishwa maabara. Ni Carmela aliyeng'olewa meno. Mwili wa punda utajifunza kumjua."

"Sasa ndiyo umenichanganya kabisa! Haya, mchome. Na mtoto?"

"Hii ni ya wanyama tu. Mtoto alale ndani ya chandarua. Punda mfunge mbali na nyumba. Mtoto akishikwa na homa, mbio zahanati."

Zenaida akafanya yote, huku akinung'unika.

Mvua ikakatika. Panela alikuwa bado anabeba maji, na Marelvis hakuugua. Asubuhi moja Carmela akaja na kibuyu kitupu. Alikuwa amemfukuza Arnulfo kwa matusi, na punda wake akafa.

"Naomba maji, ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Zenaida akamjazia kibuyu. "Hata mimi bado sijaelewa vizuri. Ila yule kijana alisema homa hii ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe mwenye meno."

Wakacheka sana, mpaka Carmela akaanza kumlilia punda wake.