Mita ya Mwalimu

Ombi la Kubadili Jina la Mteja wa Mita ya Maji (Matumizi ya Nyumbani), ukurasa mmoja, lichapwe, lisiandikwe kwa mkono. Chini kabisa palikuwa na kisanduku: mteja wa awali achague Nakubali au Sikubali, kisha atie sahihi. Bi Mdogo alikwisha kumweleza afisa wa maji kwamba mteja wa awali ni marehemu. Afisa akampa pole, akasema kisanduku kijazwe.

Mashemeji walimwita Bi Mdogo ingawa Bi Mkubwa, mwalimu, alikuwa kaburini mwaka wa nne. Mapazia alikwisha kuyabadili, na kitanda pia. Bili tu ndiyo iliendelea kuja kwa jina la yule, na kila mwezi mumewe alilisoma kwa sauti, taratibu, kana kwamba anaitwa mtu aliye jikoni.

Sahihi ya mwalimu alijifunza kuiga kutoka kwenye mitihani ya zamani. Ilibaki kuchapa tu. Steshenari ilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni, lakini hakwenda. Alitaka jina lile lifutwe na printa ya marehemu mwenyewe.

Printa ikagoma.

Akatoa karatasi iliyokwama. Akabadili wino. Ukurasa wa majaribio ukatoka safi, na barua ya mumewe ikatoka. Fomu yake, hapana.

“Marehemu alikuwa anaibembeleza,” wifi yake alisema kutoka kwenye kochi, akila karanga. “Wewe unaigombeza. Mashine nazo zina wenyewe, wifi.”

Akampigia fundi. Fundi akamwambia afungue kwenye kompyuta foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa, huenda kuna moja imezuia njia.

Ilikuwapo. Mbele ya fomu yake, kazi moja. Mtumaji: Mwalimu. Tarehe: ya leo.

Kompyuta ilikuwa mpya, aliinunua Bi Mdogo mwenyewe.

Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena. Ikarudi.

“Ichomoe kwenye umeme, shemeji,” fundi alisema, sasa kwa sauti ya chini.

Akachomoa. Taa ikazimika. Wifi akaacha kutafuna.

Ndipo printa ikaanza kuvuta karatasi.

Ilitoka fomu yake, jina lake limechapwa vizuri. Kisanduku kilikuwa kimejazwa kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Alama ya vema kwenye Sikubali. Sahihi. Wino mbichi.

Aliichana vipande vipande, akavichoma jikoni, akaenda mbio ofisini kuomba fomu nyingine.

Afisa alimtazama kwa mshangao. “Mbona yako imeshafika, mama?”

Akaitoa kwenye faili. Haikuwa na hata mkunjo. Akailinganisha sahihi na ya mkataba wa zamani, akaridhika, akagonga muhuri. Alipoinua mkono, kidole gumba chake kilikuwa chekundu.

Ombi lilikataliwa, kwa kuwa mteja wa awali hakukubali.