Picha Ilipokata Nachingwea

Saa sita mchana. Ruangwa.

Stoo ilinuka magunia ya ufuta. Zuleha, mwenye biashara ya televisheni ya waya, alichora kwa chaki sakafuni mbele ya mafundi wake wawili.

"Waya wangu unaleta picha tu. Wa Abel kule Nachingwea unaleta picha na intaneti. Modest, mweleze mwenzako."

Mwenzako! Jamali huyu, kijana ambaye Modest mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika plaizi.

"Waya wa kwenda majumbani ni uleule," Modest alisema. "Picha zina chaneli zake, intaneti ina zake. Mashine ya Abel ndiyo inayoisukuma, modemu nyumbani inaipokea. Tukiing'oa, picha hazitikisiki."

"Zisitikisike kweli," Zuleha alisema. "Leo mechi. Picha ikikata, mji mzima humiminika kwa Abel kumtukana. Wazee wetu waling'olewa reli ya Kusini wakanyamaza. Korosho tunapalilia wote, intaneti wanafyonza wao wa Nachingwea. Mimi sinyamazi; mashine hiyo tunaileta hapa."

Akamrushia Jamali funguo za mitambo yake. "Mkuu wa mitambo ni wewe, mpenzi."

Nguzo zote za Ruangwa alizipanda Modest, jua likimbabua mgongo, akiyasubiri maneno hayo mawili, mkuu na mpenzi.

"Hongera, mkuu," alisema. Akaufuta mchoro wa chaki kwa kisigino.

Saa kumi na nusu. Nachingwea.

Abel na mlinzi wake walikuwa mtaani wakitazama mechi. Jamali alivunja kufuli la chumba cha mitambo. Modest alilegeza skrubu, akachomoa waya wa intaneti. Kelele za mpira mtaani hazikupungua.

Jamali akaikumbatia mashine. "Fasta, mzee. Zuleha ananisubiri garini."

"Anakusubiri wewe?"

"Akusubiri wewe wa nini? Wewe ni wa nguzo."

Akatoka nayo, akicheka.

Ulibaki waya wa picha. Modest akauchomoa.

Kimya. Kisha mji ukalipuka.

"Abel! Unakata picha kwenye penalti?"

Walitoka kila kichochoro. Wakamkuta Jamali uani, mashine kifuani. Ngumi. Mateke.

Gari la Zuleha lilikuwa linaunguruma. Angeweza kukimbia. Akashuka, akajitupa juu ya Jamali.

"Msimuue! Nimemtuma mimi!"

Polisi walipofika, waliwafunga pingu moja. Askari akamnyooshea Modest kirungu. Alikuwa mlangoni, waya bado mkononi.

"Na huyu?"

Zuleha aliutazama waya. Akamtazama usoni. Alielewa ni nani aliyekata picha.

"Simjui. Tulikuwa wawili tu."

"Huyo si fundi?" watu wakadakia. "Mwache aturudishie picha, afande!"

Difenda likaondoka. Zuleha alikuwa amelaza kichwa begani kwa Jamali, damu ya kijana ikimlowesha ushungi.

Modest alirudisha picha. Mji ukamshangilia. Yeye alilikodolea macho vumbi la barabarani, akiionea wivu pingu ile moja ya wawili.