Mbuzi Aliyekula Ukuta

Mashavu na bibi yake walilala barazani, mbele ya duka la viatu. Duka lilipofungwa, nyumba yao ilifunguliwa.

Bibi alitandika mkeka. Hiyo ndiyo sakafu. Mashavu alisimamisha boksi kubwa. Huo ndio ukuta.

Lilikuwa boksi la friji. Friji yenyewe hawakuwahi kuiona. Lakini boksi lake! Refu, nene, na lina dirisha. Mashavu alilikata dirisha mwenyewe.

Kila usiku upepo ulikuja. Vuuu! Vuuu!

Mashavu alichungulia dirishani, akapiga kelele:
"Hapa hupiti! Hapa pana wenyewe!"

Na kweli, upepo haukupita.

Sasa, sokoni palikuwa na mbuzi mmoja. Aliitwa Mheshimiwa. Alikuwa na ndevu ndefu, tena alikula vya watu bila kuuliza.

Jioni moja, Bibi alikwenda bombani kuosha miguu. Mashavu alikwenda chooni. Nyumba ikabaki peke yake.

Nyam, nyam, nyam.

Mashavu akarudi mbio. Dirisha hakuna! Ukuta hakuna! Kilibaki kipande kidogo tu, nacho kilikuwa mdomoni mwa Mheshimiwa.

"Tema!" alisema Mashavu. "Tema ukuta wetu!"

Mheshimiwa akameza. "Meee!"

Bibi akarudi. Upepo nao ukaja. Vuuu! Vuuu!

"Hapa hupiti!" alisema Mashavu. "Hapa pana wenyewe!"

Upepo ukapita. Ukaingia hadi mgongoni mwa Bibi.

"Kho! Kho!" Bibi akakohoa. "Mjukuu wangu, bila ukuta leo hatulali. Kimbia ukaombe boksi. Hata la sabuni."

Mashavu akamshika Mheshimiwa pembe. Akamkokota hadi kwa mwenyewe, Mama Mhina, muuza vitumbua.

"Shikamoo, Mama Mhina. Mbuzi wako amekula ukuta wetu."

"Marahaba. Ukuta hauliwi, mwanangu."

"Huyu ameula. Na dirisha pia."

"Na dirisha?"

"Alianza na dirisha!"

Mama Mhina akamtazama mbuzi wake. Tumbo lilikuwa limejaa, ndiii!

"Wewe Mheshimiwa, huna hata haya! Pole, Mashavu. Lakini mimi sina boksi. Nina vitumbua tu."

Mashavu akafikiri. Kitumbua hakizuii upepo. Akalitazama lile tumbo. Lilikuwa kubwa. Lilikuwa pana.

"Basi nipe Mheshimiwa," alisema. "Ukuta wetu umo humo ndani."

Mama Mhina akacheka hadi mwiko ukamponyoka.

"Mchukue! Kila jioni mchukue, mpaka mpate boksi jingine. Na vitumbua hivi, mpe Bibi."

Bibi alipowaona, akashika kiuno.

"Mashavu! Nimekutuma boksi, umeniletea mbuzi?"

"Si mbuzi, Bibi. Ni ukuta."

"Una ndevu!"

"Ndiyo, Bibi."

"Una pembe!"

"Za kutundikia kanga yako."

Mheshimiwa akalala chini, pale pale ukuta ulipokuwa. Upepo ukaja. Vuuu! Vuuu!

Mashavu akachungulia juu ya mgongo wa mbuzi.
"Hapa hupiti! Hapa pana wenyewe!"

Upepo ukagonga tumbo la Mheshimiwa. Haukupita.

Bibi akaegemea. Ukuta ulikuwa laini. Ukuta ulikuwa na joto. Bibi hakukohoa tena.

"Ukuta mzuri," alisema Bibi, akitafuna kitumbua.

Prrrruuut!

Bibi akaziba pua. "Mashavu! Ni wewe?"

"Si mimi, Bibi. Ni ukuta."

Wakacheka, kwa-kwa-kwa, mpaka macho yakawa mazito. Mashavu akalala. Bibi akalala, pua yake ndani ya kanga.

Na ukuta, taratibu, ukaanza kukoroma.