Hodi ya Upande wa Maji

Hodi ilipigwa mchana kweupe, Mama Karibu akiwa jikoni anamenya vitunguu. Ko, ko, ko, ubavuni mwa mashua, halafu sauti ya kistaarabu kabisa: "Hodi wenyewe."

"Karibu!" akaitikia, bila hata kuinua kichwa.

Jamani, msimlaumu haraka. Mwanamke huyu aliishi miaka yake yote kwenye nyumba yenye mlango unaotazama barabara, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyebisha kwake akaachwa nje. Hata wasoma mita za maji walikunywa chai kwake. Mashuani alikuwa mgeni bado. Mumewe, fundi wa magari, alikuwa ameuza nyumba na kununua mashua ya tanga yenye vyumba viwili chini na jiko la kona, akaapa kwamba nchi kavu imemchosha. Mama Karibu alikuwa bado anagonga kichwa darini kila asubuhi, na akipanda sitahani anasema anakwenda uani.

Akili ilimrudia kitunguu kikiwa nusu. Mumewe alikuwa amekwenda mjini na kiboti cha mpira kutafuta chujio la dizeli. Binti yao, Chiriku, alikuwa kitandani kwake anachora. Na ubavu uliogongwa ulitazama bahari kuu, ambako hakuna gati, hakuna chombo kingine, hakuna pa kusimama.

Kabla hajasogea, mashua ikalala kidogo upande ule, vile inavyolala mtu mzima akipanda. Vitunguu vikabingirika mezani. Akangoja iinuke. Haikuinuka. Ikaja harufu ya tope la chini kabisa, la mahali ambapo jua halijawahi kufika, ikampita mlangoni na kuingia chumbani kwa mtoto.

Mumewe aliporudi alitazama sakafu, akatikisa kichwa. "Mzigo umekaa vibaya." Akahamisha madumu ya maji, akahamisha betri, akahamisha hata kisanduku chake cha spana. Mashua ikabaki imelala upande wa chumba cha Chiriku.

"Mtoto ametoka hapo," mkewe akamnong'oneza jioni. "Amekuja kukaa huku kwetu, na mashua imemfuata. Tazama chai yako."

Chai ilikuwa imeegemea ukingo wa kikombe, upande wa mtoto.

"Mawimbi hayo, mama watoto."

"Mawimbi gani, na bahari imetulia hivi?"

Fundi akanywa chai yake haraka, ikamuunguza, wala hakulalamika.

Huyo Chiriku hakuitwa hivyo bure. Alikuwa mtoto wa kuongea kutoka mswaki hadi usingizini, mpaka babake huwa anamwomba likizo. Sasa alikaa kimya. Nywele zake zilikuwa mbichi kila wakati, na chakula alikisukuma pembeni.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshakula."

"Umekula nini? Na nani?"

"Na mgeni wako, mama." Akamtazama kwa mshangao. "Si wewe uliyemkaribisha?"

Usiku ule Mama Karibu alilala na mwanawe, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, na taa ikawa inaning'inia mshazari bila kuyumba, na mtoto alikuwa baridi mgongoni na akizidi kuwa mwepesi kila alipomvuta kifuani, na nyuma yake, kwenye upenyo mwembamba kati ya mtoto na mbao ambamo hata paka asingejipenyeza, kulikuwa na kitu kinachopumua taratibu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuwasumbua wenyeji.

Alfajiri akamwambia mumewe, "Mwanangu anakwisha. Mlete mtu."

Mganga aliletwa na kiboti, mama mnene wa sokoni ambaye hajui kuogelea, kwa hiyo alivaa majaketi mawili ya kuokolea, moja juu ya jingine. Alitapika, akafuta mdomo, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Hapo mzaha ukamtoka usoni.

"Hili halikuvunja mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Limeingizwa kwa heshima, litatoka kwa heshima. Wewe uliyelikaribisha ndiye utakayeliaga. Sema kwaheri, basi. Ole wako useme karibu tena! Nakuona ulivyo, sijakaa umeshanipa chai na mto."

Wakachoma ubani. Mama Karibu akasimama mlangoni mwa chumba alimolala mtoto.

"Mgeni wetu, tumekaa nawe vizuri. Sasa kwaheri."

Mashua ikatikisika. Uzito ukatoka chumbani, ukampita na ile harufu yake, ukapanda ngazi, kila kidato kikilia. Kitandani mtoto akakohoa maji, akalia, "Mama, njaa!" Oo, jinsi sauti ile ilivyomwingia mama! Ulimi wake ukataka kusema lile neno alilolisema maisha yake yote, akauuma mpaka damu. Hakulisema.

Kule nje, upande wa maji, sauti ikasema kwa ukarimu, "Ahsanteni. Mmenitunza sana. Na nyinyi basi mje kwangu."

"Haya, tutakuja," akajibu Mama Karibu.

Lilimtoka tu, kama linavyotutoka sote kwa jirani ambaye hatuna nia hata kidogo ya kumtembelea. Mganga akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mashua ikainuka, ikakaa sawasawa. Halafu mnyororo wa nanga ukakaza, ukaanza kulia, na pua ya mashua ikainamishwa kuelekea majini, polepole, kidogo kidogo, huku fundi akikimbilia injini na kuita jina la Mungu.

Chiriku akapanda ngazi. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, vifungo vyote vimefungwa, viatu mkononi, anaongea kama zamani.

"Mama, fanya haraka, anatungoja. Amesema si mbali, ni hapa chini tu."