Fundi wa Kola

Ndugu zangu, palikuwa na fundi wa nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu alikutazama mara moja tu akawa na vipimo vyako vyote. Kila asubuhi barazani kwake zilisikika cherehani mbili, yake na ya mkewe, na ukutani zilining'inia karatasi ngumu za kukatia nguo alizorithi kwa baba yake.

Kisha wakaja wawekezaji kutoka nje, wakajenga kiwanda cha mashati. Serikali iliwasamehe kodi miaka kumi, nasi tukashangilia, mimi nikiwamo. Barabara ikatiwa lami, mishahara ikawa ya uhakika. Jicho, siku aliyoajiriwa, alizishusha zile karatasi akampa mkewe awashie jiko.

"Zote, baba watoto?"

"Zote. Ushamba huo umekwisha."

Kiwandani alipewa kazi ya kushona kola. Si shati, kola tu. Kitambaa kililetwa kutoka nje kikiwa kimeshakatwa, na vifungo na uzi vilevile. Wakataji wote walibaki huko kwao, na mashati yaliyokamilika yalirudishwa huko kuuzwa. Mkewe alimsihi awe anamfundisha binti yao kukata nguo kila Jumapili. Akajibu kwamba mtoto naye ataingia kiwandani, ya nini kujisumbua. Msomaji, usimcheke haraka. Wengi wetu tungejibu hivyohivyo.

Miaka kumi ilipokwisha, wawekezaji waliomba msamaha mwingine wa kodi, wakanyimwa. Wakapakia mashine kwenye makontena, wakahamia nchi nyingine. Getini akabaki mlinzi na kufuli.

Jicho hakutishika, maana ufundi alidhani bado anao. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, rafiki yake wa zamani, alimkabidhi majora manne ya kitambaa cha sare. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa siku mbili, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo lao. Jicho akashika mkasi, na hapo hapo akajua kwamba mkono umesahau. Angesema, mkewe angemsaidia hata kwa kufumua nguo kuukuu wafuatishe. Lakini aliona haya, akakata kwa kubahatisha, majora yote manne.

Yaliposhonwa, na watoto wa shule walipoyajaribu, mashati yaliwabana makwapani, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mwalimu alichukua moja akaligeuza-geuza.

"Kola zimekaa vizuri sana, fundi," alisema kwa upole, akaondoka.

Afadhali angemtukana.

Binti akauokota mkasi. "Baba, nifundishe, tuanze upya."

Jicho alimtazama mwanawe kutoka mabegani hadi miguuni, kama alivyozoea zamani kutazama wateja, na hakuona kipimo hata kimoja. "Sina cha kukufundisha, mwanangu," alisema, akalia mbele yake. Juma lile cherehani zote mbili ziliuzwa ili kulipia kitambaa cha watu.

FUNZO

Mgeni mwenye mtaji si adui. Lami yake tunaikanyaga hadi leo. Kosa ni letu. Kabla ya kumsamehe kodi, tuandikishane naye atafundisha nini, atanunua nini kwetu, na siku akiondoka ataacha nini mikononi mwa watu. Nawe mwenye ufundi, pokea ajira, lakini usichome ulichonacho, na mwanao mfundishe mapema.

Binti yule leo anauza mitumba palepale barazani. Mashati mengine yana chapa ya kiwanda kile, na kola zake pengine alizishona baba yake.